Nguzi Iliyofunguliwa Baharini

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Siku hizi methali hii humkumbusha mtu anayetangatanga kwamba iko siku atarudi kwao, lakini lugha yake ni ya baharia. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni tumbo la chini kabisa, juu ya mkuku, mahali ambapo kila kitu kilicholegea huishia. Kwa maji methali hiyo haina hata haja ya tafsiri. Wimbi likipanda omo, mvua ikinyesha tezini, kalafati ikilegea ubavuni, maji yote makao yake ni mamoja.

Na ngama ina mlango mmoja tu wa kumwagia. Mabaharia wa pwani wanauita nguzi: tundu lililotobolewa chini ya chombo, likazibwa kwa kizibo cha mti kilichogongwa kikakaza. Maji ya bahari yakipwa na chombo kikalala mchangani, mtu huinama ubavuni, akakilegeza kizibo, na ngama ikajimwaga yenyewe. Kabla maji hayajajaa tena kizibo hurudishwa mahali pake, na ole wake anayesahau.

Nguzi hufunguliwa nchi kavu. Hilo lilikuwa jambo lisilohitaji kufundishwa, kwa kuwa ngama iko chini ya usawa wa bahari, na tundu linaloyatoa maji ufukweni ndilo lile lile litakaloyaingiza kilindini. Hata hivyo leo kuna maelfu ya mashua ndogo za matanga zinazovuka bahari kuu huku matundu yake ya kutolea maji yakiwa wazi usiku na mchana, na mabaharia wake wamelala. Simulizi hii ni ya jinsi nguzi ilivyokuja kufunguliwa baharini, na ya gharama iliyolipwa kabla watu hawajajifunza masharti yake.

Zama za upo

Kwa karne nyingi, dawa ya maji chomboni ilikuwa mkono wa mtu. Upo, ile kata ya mti ya kukumbia maji, ulikuwa kifaa cha lazima kama kasia au nanga. Vyombo vya pwani yetu viliutegemea kuliko vingi. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, Periplus ya Bahari ya Erithrea, unautaja mji wa biashara wa Rhapta katika pwani ya Azania, na kueleza kwamba jina hilo lilitokana na vyombo vya kushonwa vilivyokuwako. Mtepe ulikuwa wa ukoo huo: mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi, bila msumari. Kushonwa kuliupa mtepe wepesi wa kujipinda juu ya wimbi na kustahimili kuburuzwa mchangani, lakini kila mshono ulikuwa njia ya maji. Kukumba maji ilikuwa zamu kama zamu ya usukani.

Kwa nini maji yaogopwe hivyo, hata yakiwa machache? Kwanza ni uzito. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina kilo 1,025 hivi, sawa na magunia kumi ya mahindi ya kilo mia mia. Lakini gunia lina adabu: ukilipanga upande wa joshi, linakaa upande wa joshi. Maji hayapangiki. Chombo kikilala kidogo, nayo yanakimbilia upande ule ule uliolala, yanauongezea uzito, na chombo kinazidi kulala. Wimbi la pili likifika linakikuta tayari kimeinama. Ndiyo maana mashua iliyojaa nusu tu hupinduka kirahisi kuliko ile ile ikiwa imepakia shehena ya uzito huo huo.

Mashua ya wazi ikijaa katikati ya dhoruba, upo haufui dafu. Ukimwaga kata moja, wimbi linaleta pipa. Jambo hilo ndilo lililowakutanisha watu wa mji mmoja wa Uingereza na swali ambalo majibu yake yangebadilisha mashua za dunia nzima.

Gini mbili za South Shields

Mwaka 1789 meli iitwayo Adventure, ya Newcastle, ilikwama kwenye fungu la mchanga mdomoni mwa mto Tyne, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Umati ulisimama ufukweni ukiwatazama mabaharia wakidondoka mmoja mmoja kutoka kwenye milingoti na kamba. Mashua zilikuwapo na wapiga makasia hodari walikuwapo, lakini hakuna aliyetoka. Kila mtu pale alijua kwamba mashua yoyote itakayoyakabili mawimbi yale itajaa kabla ya kufika.

Baada ya msiba ule kamati iliundwa South Shields, ikatangaza zawadi ya gini 2, sarafu ya Uingereza ya wakati ule, kwa atakayeleta mfano bora wa mashua ya uokozi. William Wouldhave, mpaka rangi na karani wa kanisa, alileta mfano wa bati wenye tabia ya ajabu: ukiupindua, ulijigeuza wenyewe na kukaa sawa. Inasimuliwa kwamba wazo hilo alilipata kisimani, alipokiona kipande cha bakuli la mti kikielea, na kila alipokilaza kifudifudi kikarudi chali. Kamati ilimpa nusu ya zawadi, gini 1. Wouldhave aliikataa kwa hasira. Kazi ya kuunda mashua akapewa fundi Henry Greathead, aliyechukua mawazo ya huyu na yule pamoja na yake mwenyewe, na Januari 1790 mashua ikateremshwa majini kwa jina la Original.

Ilikuwa na urefu wa futi 30, imechongoka mbele na nyuma, na imejazwa ubavuni kilo 350 hivi za lile gome jepesi linalotengenezewa vizibo vya chupa. Ilifanya kazi kwa takriban miaka 40. Bunge la Uingereza lilimpa Greathead pauni 1,200 mwaka 1802, naye akaunda zaidi ya mashua 30 za aina hiyo. Lakini kabla yao wote, mwaka 1785, fundi wa magari ya farasi wa London aitwaye Lionel Lukin alikuwa amekwisha kupata hataza ya mashua isiyozama. Ukienda leo makaburini, jiwe la Lukin kule Hythe linamtaja kuwa ndiye wa kwanza, na jiwe la Wouldhave kule South Shields linamtaja kuwa ndiye.

Hata hivyo ukiyaweka mabishano ya makaburi kando, utaona kwamba Original ilijibu nusu ya swali. Greathead alihakikisha kwamba mashua ikijaa haizami. Hakuipa njia ya kuyatoa yale maji. Iliweza kuelea ikiwa imejaa pomoni, nzito kama gogo lililolowa, huku wapiga makasia wamekaa majini wakingoja nafasi ya kukumba.

Mabomba sita

Nusu ya pili ya jibu ilikuja baada ya msiba mwingine, na mahali pale pale. Tarehe 4 Desemba 1849, marubani 24 wa bandari ya South Shields walipanda mashua ya uokozi Providence kwenda kuisaidia meli ya Betsy iliyokwama mdomoni mwa Tyne. Mashua ilipinduka. Marubani 20 walikufa maji. Walikuwa watu wanaoyajua maji yale kuliko mtu yeyote, tena walikuwa ndani ya chombo kilichoundwa kwa kazi hiyo hasa.

Algernon Percy, Mtawala wa Northumberland, akatangaza zawadi ya gini 100 kwa mchoro au mfano bora wa mashua ya uokozi. Mwaka 1851 mifano na michoro 280 ilifika mbele ya kamati iliyoongozwa na Kapteni John Washington wa jeshi la majini. Waamuzi waliorodhesha sifa na kuzigawia alama, na safari hii orodha ilikuwa na kitu ambacho kamati ya gini 2 haikukiuliza: chombo kina njia gani ya kujitoa maji kwa haraka? Mshindi alikuwa James Beeching, fundi wa Great Yarmouth. Baada yake James Peake, fundi wa karakana ya serikali ya Woolwich, aliyachukua mazuri ya washindani na kuyaboresha, na mashua yake ikawa kielelezo cha chama cha uokozi ambacho tangu 1854 kinajulikana kwa kifupi RNLI.

Siri yake ilikuwa sakafu. Katika mashua za zamani miguu ya mpiga makasia ilikaribia mkuku, chini kabisa ya usawa wa bahari. Mafundi hawa waliweka sakafu isiyopitisha maji na kuiinua hadi juu ya usawa wa bahari ya nje, na chini yake wakafungia hewa. Kisha wakapitisha mabomba ya wima kutoka sakafuni hadi chini ya mashua. Mashua za Peake zilikuwa na mabomba sita, kila moja upana wa inchi 6, na juu ya kila bomba valvu inayofunguka upande mmoja: maji ya sakafuni yakiisukuma inashuka, ya baharini yakipanda inajifunga.

Sasa tazama linalotokea wimbi likiijaza mashua ya namna hiyo. Maji yaliyomo ndani yanasimama juu kuliko bahari iliyo nje. Maji daima hutafuta usawa wake, kwa hiyo uzito wake wenyewe unayasukuma kushuka kwenye mabomba hadi sakafu ikauke. Hakuna anayeshika upo. Mashua iliyofurika ilikuwa tupu katika muda usiofika dakika moja.

Ile ilikuwa nguzi, imefunguliwa katikati ya dhoruba. Kilichobadilika ni kwamba mdomo wake wa juu sasa uko juu ya bahari, na ngama, chumba cha marejeo, imefunikwa na kuachwa kavu.

Kutoka kwa waokoaji hadi kwa watembezi

Ungedhani wenye mashua za starehe wangeliiga jambo hilo mara moja. Hawakufanya hivyo. Mashua ndogo za matanga za karne ya 19 zilikuwa na kishimo nyuma, pale anapokaa mshika usukani, ambacho wenyewe hukiita kokpiti. Kilikuwa kirefu kwenda chini, na maji yaliyoingia humo yaliishia ngamani kama ya tangu zamani. Sababu haikuwa ujinga. Ukiinua sakafu ya kokpiti juu ya usawa wa bahari, unamwinua na mtu. Katika chombo chenye ubavu mfupi, mshika usukani atajikuta amekaa kama juu ya meza, upepo wote wake, mawimbi yote yake, na mguu hauna pa kukaza. Kishimo kirefu kinamkinga lakini kinahifadhi maji. Mabishano kati ya starehe na usalama yalianzia hapo, na mpaka leo mchoraji wa mashua ndogo lazima achague.

Bado mawazo ya karakana za uokozi yalipenya polepole. Mwaka 1867 John MacGregor, wakili na mwandishi wa safari, alitoka London peke yake kwenda Paris kwenye maonyesho makubwa ya mwaka ule, akitumia mashua ya futi 21 iitwayo Rob Roy. Ilikuwa imeundwa Limehouse, katika karakana iliyokuwa ikiunda mashua za RNLI, nayo ilikuwa na vyumba visivyopitisha maji kama zile. Kitabu alichoandika kuhusu safari hiyo kiliwatia wengi hamu ya kusafiri peke yao, na mtu aliye peke yake hana wa kumwachia upo.

Kule Norwei swali lilikuja kwa sura nyingine. Wavuvi wa huko walikuwa wakitoka kwa mashua za wazi katika bahari yenye baridi kali, na chama cha uokozi kilichoanzishwa mwaka 1891 kilitaka chombo cha matanga kitakachokaa nao baharini wakati wote wa msimu, badala ya kungoja ufukweni. Fundi Colin Archer wa Larvik, ambaye mikono yake ndiyo iliyounda pia Fram, meli ya safari za barafu, alichora chombo cha futi 47 hivi, kilichochongoka kote mbele na nyuma, chenye sitaha kamili, farumi ya chuma kwenye mkuku, na kwa mshika usukani kishimo kidogo tu kisichopitisha maji kuelekea ndani. Hata wimbi likikijaza, uzito wake ungekuwa haba mbele ya uzito wa chombo.

Cha kwanza, RS 1, kiliitwa kwa jina lake, Colin Archer, na kilianza kazi mwaka 1893. Mwaka uliofuata, dhoruba ilipokipiga kijiji cha Hamningberg katika kaskazini ya mbali ya Norwei, chombo hicho kiliingia mara mbili kwenye mawimbi yaliyokuwa yakivunjika na kuokoa watu 36. Hakikuwa na injini. Kingali kinaelea hadi leo.

Suheli

Umbo la Archer lilivuka Atlantiki. Katika miaka ya 1920 Mmarekani William Atkin alilipunguza hadi futi 32 ili lifae watu wawili au watatu wanaosafiri kwa matembezi, akaliita Eric. Na ramani ya Eric, baada ya miaka arobaini hivi, ikaangukia mahali ambapo wasomaji wa Kiswahili wanapafahamu kwa biashara ya tangu na tangu: Bombay.

Robin Knox-Johnston alikuwa ofisa kijana katika meli za kampuni ya British India, zile zilizozoeleka katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Alitaka mashua yake mwenyewe, na mafundi wa Bombay wakamwundia Eric kwa msaji, kwa tezo na keekee za mkono, kama walivyounda majahazi. Siku ya kuiteremsha, mwishoni mwa 1964, walivunja nazi omoni. Jina lake likawa Suhaili, ambalo katika Ghuba ni jina la upepo wa kusini mashariki. Kwetu ni suheli, kusini, na nyota ya kusini ambayo manahodha waliifuata. Kwa kweli kusini ndiko ilikokwenda kwanza: mwaka 1965 alitoka nayo Bombay, akapita Arabuni na kushuka pwani ya Afrika Mashariki hadi Durban, kabla ya kuipeleka London.

Tarehe 14 Juni 1968 Knox-Johnston aliondoka Falmouth katika mashindano ya Golden Globe, kuizunguka dunia peke yake bila kutia nanga bandarini. Haukupita muda mrefu, Suhaili ikaanza kuvuja karibu na mkuku kuliko pampu ilivyopenda. Alijitosa baharini mara kwa mara akiwa na pamba ya kalafati, akaufuatilia ufa akiwa chini ya maji, na hatimaye akaufunika kwa ukanda wa turubai na kipande cha shaba kilichopigiliwa misumari midogo. Papa alipotokea, alimpiga risasi kisha akaendelea na kazi. Aliwasili Falmouth tarehe 22 Aprili 1969, baada ya siku 312, na kati ya washindani tisa ni yeye peke yake aliyemaliza.

Safari ile ina funzo linalosahaulika na wapenda matundu. Sakafu iliyoinuliwa na mabomba yake huyatoa maji ya juu, yaliyopanda na wimbi. Maji ya chini, yanayopenya kwenye mishono, bado makao yake ni ngamani, na huko dawa ni ile ile ya mtepe: kalafati, pampu na mkono.

Mwingereza mwingine, Blondie Hasler, alikuwa amelijibu swali la kokpiti kwa namna yake mwaka 1960, katika mashindano ya kwanza ya kuvuka Atlantiki peke yako. Katika mashua yake Jester aliiondoa kokpiti kabisa, akaifunika sitaha yote na kubakiza tundu la mviringo la kutokeza kiwiliwili. Kamba za tanga lake la mtindo wa Kichina zilimfikia hapo hapo. Kati ya mashua tano zilizoshindana, yake ilifika ya pili. Pasipo na shimo, alijua Hasler, hapana la kujaa.

Maji yanayovutwa na mwendo

Mashua ndogo kabisa, zile za mashindano zenye mtu mmoja au wawili, hazikuweza kuufuata mtindo wa Archer wala wa Hasler. Ubavu wake ni mfupi mno, na sakafu ikiinuliwa mtu anakosa pa kukaa. Jibu lao liliitumia bahari yenyewe.

Anayekumbukwa kwa jambo hilo ni Paul Elvstrøm wa Denmark, aliyetwaa medali ya dhahabu katika Olimpiki nne mfululizo, 1948, 1952, 1956 na 1960. Kifaa kilichoenea duniani kwa jina lake ni kijidomo cha chuma kilichofungwa sakafuni. Ukikisukuma kwa mguu, kinashuka kidogo chini ya mashua, kinaipa mgongo bahari inayokuja, na mdomo wake unatazama nyuma. Mashua ikienda kasi, maji yanayopita pembeni mwa kijidomo yanaacha nyuma yake mahali penye msukumo mdogo, na maji yaliyomo ndani yanavutwa kutoka, hata kama sakafu iko chini ya usawa wa bahari. Hapo nguzi ilivuka mpaka ambao Peake hakuuvuka: ilifunguliwa chini ya bahari na bado ikatoa maji badala ya kuyaingiza.

Lakini ina sharti kali. Inatoa maji mashua ikiwa na mwendo. Upepo ukifa, au ukisimama kumngoja mwenzako, mvuto unakwisha na kijidomo kinarudi kuwa tundu la kawaida, na usipokifunga utaona maji yakipanda kimya kimya kwenye vifundo vya miguu.

Agosti 1979

Kufikia miaka ya 1970 kokpiti inayojitoa maji ilikuwa kitu cha kawaida katika mashua za matanga zilizotengenezwa viwandani kwa faibaglasi. Kanuni za mashindano ya bahari kuu zilikwisha kuweka vipimo: mashua yenye urefu wa futi 28 au zaidi iwe na matundu yasiyopungua manne ya milimita 20, na ndogo zaidi mawili ya milimita 25. Pia sakafu ya kokpiti iwe juu ya usawa wa maji kwa angalau asilimia 2 ya urefu wa chombo majini.

Hebu tupige hesabu ambayo fundi wa 1851 angeipiga. Matundu manne ya milimita 20, ukiyajumlisha, yanatoa njia ya milimita za mraba 1,260 hivi. Mabomba sita ya inchi 6 yalitoa njia iliyo zaidi ya mara 80 ya hiyo. Kokpiti yenye maji ya mita moja ya ujazo, ikitegemea matundu madogo hayo, itachukua dakika kadhaa kukauka, na wakati wote huo mashua inabeba tani moja nyuma, tezi imezama, na wimbi la pili halingoji.

Tarehe 11 Agosti 1979 mashua 303 ziliondoka Cowes kwa mashindano ya Fastnet, kwenda kulizunguka jabali la jina hilo kusini mwa Ailandi na kurudi Plymouth. Usiku wa tarehe 13 dhoruba kali ilizikuta njiani. Washindani 15 walikufa. Mashua 24 zilitelekezwa na wenyewe, na 5 zilizama.

Uchunguzi uliofuata uliangalia mambo mengi, na baadhi yake yalirudi kwenye kishimo cha mshika usukani. Katika mashua nyingi mlango wa kushukia ndani ulifunguka kutoka kokpiti yenyewe, na kizingiti chake kilikuwa chini ya sitaha. Kuyazuia maji kulitegemea mbao chache zinazopachikwa kwenye mifuo. Mashua ilipolazwa ubavu au kupinduliwa, mbao zile zilichomoka na kupotea, na kokpiti iliyojaa ikawa birika linalojimimina chumbani. Maji yaliyotakiwa kushuka baharini kwa matundu yalipata mlango mpana zaidi, nayo yakaufuata. Marejeo yakawa ngamani.

Tangu hapo mbao za mlango hutakiwa kufungwa zisiweze kuchomoka, na ziweze kufunguliwa kutoka ndani na nje. Mwaka 2001 shirika la viwango la kimataifa lilitoa kiwango nambari 11812, kinachohusu kokpiti zisizopitisha maji na zile zinazojitoa maji haraka. Jambo lililokuwa likiamuliwa kwa jicho la fundi likawa la kupimwa kwa rula na saa. Na jambo jingine la Fastnet halikusahaulika: kati ya mashua 24 zilizotelekezwa, 19 zilikutwa baadaye zingali zinaelea.

Hatari ya jani moja

Anayemiliki mashua ndogo leo atakwambia kwamba hatari yake kubwa haiko katika dhoruba. Iko bandarini, mashua ikiwa imefungwa bila mtu. Jani moja, kipande cha mfuko wa plastiki au kiota cha mdudu kinaziba tundu. Masika yanafika. Kokpiti inajaa polepole, tezi inazama kidogo kidogo, mpaka sakafu iliyokuwa juu ya bahari inakuwa chini yake. Kuanzia dakika hiyo kila tundu lililo wazi linafanya kazi kinyume, na mwenyewe akija Jumamosi anakuta mlingoti tu.

Hali hiyo hiyo huletwa na watu. Mashua iliyochorewa watu wanne ikipakia wanane na mitungi ya maji, inakaa chini kuliko ramani, na abiria wanashangaa kuona maji yakibubujika sakafuni siku ya shwari. Mafundi wenye uzoefu hupishanisha mipira ya kutolea maji, tundu la kulia likatokea kushoto na la kushoto kulia, ili mashua ikilala na mdomo mmoja ukazama, bahari ilazimike kupanda hadi upande ulioinuka kabla ya kuingia. Ni ujanja wa gharama ndogo, nao unakiri kwamba nguzi iliyo wazi ni ya kuangaliwa kila siku.

Katika mashua nyingi za mashindano za siku hizi wachoraji wameamua kuuondoa ukuta wa nyuma wote. Kokpiti haina tezi. Wimbi linapanda omoni, linakimbia juu ya sakafu iliyoinamishwa kidogo kuelekea nyuma, na kutoka lilikotaka kutoka, bila tundu, bila valvu, bila jani la kuziba. Limepita tezi na omo, na ngamani halikurudi.

Na bado, ukizifungua sakafu za mashua hizo, utakuta chini yake pampu ya mkono na ndoo. Kanuni za bahari kuu zinavidai. Jasho la kuta, tone la bomba, ufa wa mkuku: hayo hayapiti kwenye mlango wa nyuma. Siku mashua ikipandishwa nchi kavu, mtu atainama chini ya ubavu, atakilegeza kizibo kidogo, na kuyaacha yashuke mchangani.